Je, Mganga wa Mitishamba Ataje Kilichomo Katika Dawa Yake?

MFAMASIA: Yeyote anayempa mwenzake dawa ya kunywa hana budi kuweza kueleza kwamba dawa hiyo imetokana na mmea gani, ni sehemu ipi ya mmea iliyotumika, kipimo chake ni kipi na itumiwe kwa siku ngapi, na maelezo hayo yawekwe mahali ambapo mtaalamu mwingine anaweza kuyapitia na hata kuyapinga. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, ambayo ndiyo inayoongoza kazi hii Tanzania Bara, iliunda Baraza la kusajili waganga na kusimamia kazi zao, ikatenganisha tiba asili, yaani maarifa ya uponyaji yaliyopokewa kizazi hadi kizazi na jamii za hapa nchini, na tiba mbadala, yaani mifumo iliyoingia kutoka nje kama vile homiopathi na tiba ya Kichina. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini mganga akisajiliwa jina lake na kituo chake huku unga ulio ndani ya chupa haujulikani ni wa nini, kilichosajiliwa ni kibao cha mlangoni.

MGANGA: Ndugu mfamasia ameanzia mwisho wa safari. Mwombaji wa usajili hupita kwanza mikononi mwa viongozi wa kijiji au mtaa wake, kisha kata, kisha kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri, na hao ndio wanaoweza kuulizwa jambo ambalo hakuna maabara inayoweza kulijibu: mtu huyu alikabidhiwa mkoba na nani, na waliotibiwa kwake wako wapi. Kukabidhiwa mkoba, yaani kurithishwa kazi hii na mzee aliyeifanya, si sherehe ya siku moja; ni kumfuata mzee huyo porini kwa miaka, kuujua mti wakati wa masika na kuujua tena wakati wa kiangazi ambapo hauna hata jani la kuutambulisha, kujua mzizi wa kuchimba na mzizi wa kuacha, na kujua mgonjwa wa kumrudisha kwao bila dawa. Basi kinachodaiwa sasa si utambulisho wa mganga, kwa kuwa huo umekwisha kutolewa; kinachodaiwa ni mali yake. Kampuni ya dawa inalindwa na hataza, ambayo ni haki ya kisheria ya mgunduzi kunufaika peke yake na ugunduzi wake, kwa kawaida kwa miaka 20. Daktari analindwa na cheti ambacho asiyekisomea hawezi kukitumia. Mganga ana kimya chake tu. Anayemtaka akiache kimya hicho aseme kwanza atampa nini badala yake.

MFAMASIA: Kimya kinacholinda mali hulinda pia sumu. Mafuta ya mbarika, mmea ambao wengine huuita mnyonyo, ni dawa ya kulainisha choo iliyotumika kwa vizazi vingi, ilhali punje yenyewe ina risini, sumu kali kiasi kwamba mbegu chache zikitafunwa zinaweza kumuua mtoto. Mafuta ya mbegu za mwarobaini, ambayo mtu mzima hujipaka ngozini bila shida, yamewahi kuleta matapishi, degedege na hata vifo yaliponyweshwa watoto wachanga, na habari hizo zimo katika majarida ya kitabibu. Ikiwa mimea inayojulikana na kila mtu inaweza kuua kwa kukosewa sehemu au kipimo, mchanganyiko wa miti saba usiotajwa utaaminiwa kwa msingi gani? Na juu ya hayo kuna unga unaouzwa kwa jina la mitishamba mitupu kumbe umetiwa sildenafili, kemikali iliyomo katika vidonge vya nguvu za kiume, au deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi ambayo hutuliza maumivu ya viungo haraka huku ikidhoofisha mifupa na kinga ya mwili polepole. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya naitreti akilamba unga wenye sildenafili, shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla hadi akapoteza maisha, na waliobaki watasema siku zake zilikuwa zimefika.

MGANGA: Mbarika ni shahidi wa mganga, wala si wa mfamasia. Mbegu hizo hukaangwa, zikatwangwa, zikachemshwa kwa maji mpaka mafuta yaelee ndipo yakaenguliwa, na moto huo ndio unaoiharibu risini. Waliobuni njia hiyo hawakuwa na darubini wala jina la sumu waliyoikimbia, lakini waliikimbia. Vivyo hivyo majani yenye harufu huanikwa kivulini kwa sababu jua kali huyarusha mafuta tete, ambayo ndiyo yanayobeba harufu na sehemu ya nguvu ya dawa, na gome huchunwa kwa ukanda mwembamba upande mmoja wa shina ili mti usife. Maarifa ya kuandaa ni nusu ya dawa, na hayaonekani katika kipimo chochote cha kemikali. Ama sildenafili, hiyo haioti porini. Imetengenezwa kiwandani, ikapitia mikononi mwa watu wanaojua kusoma lebo, ndipo ikaingia katika unga wa mchuuzi wa stendi mwenye kipaza sauti, na bado aibu yake inapelekwa kwa aliyerithi mkoba.

MFAMASIA: Na mgonjwa aliyeshuka basi pale stendi atawatofautishaje? Mrithi wa mkoba na mchuuzi wa kipaza sauti wote wawili hujaza unga katika chupa ya maji iliyokwisha kutumika, wote huandika kwa kalamu ya wino mzito kwamba mgonjwa atumie kijiko kimoja kutwa mara tatu, na hakuna kati yao anayesema ni kijiko cha chai au cha chakula, wala kama kijazwe hadi kichuguu au kifutwe juu, ilhali tofauti ya vijiko hivyo inaweza kuwa mara nne au tano. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina uwezo wa kuangalia kama unga una madini mazito kama risasi na zebaki, kama una bakteria na kuvu waliotokana na kuanikwa chini au kuhifadhiwa ungali mbichi, na kama umechanganywa na kemikali za viwandani. Mganga wa kweli ndiye atakayefaidika na upimaji huo kuliko wote, kwa sababu ndiye asiye na cha kuficha.

MGANGA: Kama ni hayo tu, jambo limekwisha, maana risasi, zebaki, kuvu na sildenafili vinaweza kupimwa bila mganga kutaja hata mti mmoja. Chupa ipelekwe ikiwa imefungwa, majibu yarudi yakiwa wazi. Kwa nini basi fomu ya Baraza iulize majina ya miti?

MFAMASIA: Kwa sababu majibu ya chupa moja ni majibu ya chupa hiyo peke yake. Nguvu ya mmea hubadilika kwa udongo, kwa mvua, kwa umri wa mti na kwa mwezi wa kuvuna, na hilo ndugu mganga ndiye alilisema kabla ya mtu mwingine yeyote aliposimulia masika na kiangazi. Mahali ambapo jina la mmea na sehemu iliyotumika vinajulikana, unga wa msimu huu unaweza kulinganishwa na wa msimu uliopita, na mgonjwa akidhurika inawezekana kuuliza kama wengine waliotumia mmea huohuo walidhurika pia. Kazi hiyo huitwa ufuatiliaji wa madhara ya dawa, na hata dawa za hospitali zilizokwisha kupasishwa hufanyiwa hivyo miaka yote zinapokuwa sokoni. Kitu kisicho na jina hakifuatiliki.

MWANASHERIA: Suala la mali haliwezi kuachwa nyuma ya suala la usalama, kwa kuwa historia ya karibuni ina mifano inayouma pande zote mbili. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya W. R. Grace, pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani, hataza juu ya namna ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuzuia kuvu wa mimea. Wapinzani, wengine kutoka India na wengine kutoka Ulaya kwenyewe, walileta ushahidi kwamba wakulima wa India walikuwa wakiyatumia hivyo kabla ya mtu yeyote kuomba hataza, na mwaka 2000 hataza hiyo ikafutwa, kisha rufaa ikakataliwa mwaka 2005. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba hataza ilianguka kwa sababu maarifa hayo yalikuwa yakijulikana hadharani. Kama yangekuwa siri ya ukoo mmoja, wapinzani wasingepata pa kuishikia kesi. Mfano wa pili ni hoodia, mmea wa jangwani unaofanana na dungusi, ambao Wasan wa kusini mwa Afrika huutafuna wakiwa mawindoni ili kuzuia njaa na kiu. Taasisi ya utafiti ya serikali ya Afrika Kusini ilipata hataza juu ya viini vyake katika miaka ya 1990 na kuikodisha kwa kampuni za nje bila Wasan kushirikishwa, na ni baada ya malalamiko kusikika duniani ndipo makubaliano ya kugawana mapato yaliposainiwa mwaka 2003. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ilikuja kuweka kanuni ya jumla kwamba anayetaka kutumia mmea na maarifa ya jamii fulani apate kwanza ridhaa yake na akubaliane nayo juu ya mgao.

MGANGA: Mifano hiyo ikisomwa taratibu inatisha kuliko inavyofariji. Katika kesi ya mwarobaini, mkulima wa India alishinda kwa kuwa kulikuwa na mawakili waliokubali kubishana kwa miaka, na ushindi wenyewe haukumlipa hata senti moja. Ulichofanya ni kumzuia mwingine kujipatia haki ya peke yake. Katika kesi ya hoodia, karatasi ya mgao ilisainiwa, lakini dawa ya kupunguza unene iliyotazamiwa kuleta fedha haikutokea kama ilivyotangazwa. Zaidi ya hayo, Itifaki inazungumza juu ya jamii, ilhali mkoba una mwenyewe. Mti unaojulikana na wilaya nzima ni wa wilaya nzima, hilo halina ubishi. Lakini kuuchanganya na mwingine ambao peke yake haufai kitu, na kujua siku ya kuuondoa, ni kazi ya mtu mmoja na mwalimu wake. Halmashauri ya kijiji ikisaini mkataba kwa niaba ya maarifa hayo, itakuwa imeuza shamba lisilo lake.

MWANASHERIA: Pingamizi hilo lina uzito, na sheria za hataza zilizopo hazikuliwazia, kwa kuwa ziliandikwa kwa ajili ya mgunduzi mmoja mwenye tarehe ya ugunduzi, wakati maarifa ya tiba asili yana wenyewe wengi na hayana siku ya kuzaliwa. Hata hivyo ipo njia ya katikati, nayo ni siri iliyowekwa amana: mchanganyiko hukabidhiwa chombo cha usimamizi kwa sharti la kutotolewa, mtumishi atakayeuvujisha hushtakiwa, na hufunguliwa tu pale mgonjwa anapodhurika. Kampuni nyingi hufanya hivyo kwa mambo ambayo hazikutaka kuyaombea hataza.

MGANGA: Amana huwekwa kwa anayeaminika. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na Waingereza Tanganyika na kuendelea kuwamo katika vitabu vya sheria baada ya uhuru, ilikataza kumiliki vifaa vya uchawi, na askari aliyefika kilingeni, yaani mahali mganga anapofanyia kazi, hakuwa na elimu ya kutenganisha kibuyu cha dawa ya tumbo na kibuyu cha ramli, ambayo ni kupiga bao ili kumtaja aliyesababisha ugonjwa. Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino yaliyohusishwa na ramli, serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli, na kufikia Machi mwaka huohuo watu zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Hakuna mganga mwenye akili timamu anayewatetea wauaji. Lakini mtu aliyelelewa akijua kwamba kuonekana na mkoba kunaweza kumfikisha mahabusu hawezi kuombwa leo, kwa fomu ya kurasa mbili, aufungue mkoba huohuo mbele ya serikali ileile.

MFAMASIA: Hofu hiyo inaeleweka, ila inageuka kuwa hoja dhidi ya mwenye hofu. Wauaji waliweza kujificha miongoni mwa waganga kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuwatenganisha isipokuwa neno la mganga mwenyewe. Anayetibu kwa gome na mizizi ndiye mwenye faida kubwa ya kusema waziwazi kwamba dawa yake ni gome na mizizi, na kwamba ndani yake hamna ramli, hamna hirizi, wala kiungo cha binadamu.

MGANGA: Na ikiwa mgonjwa mwenyewe anaitaka ramli? Watu wengi hufika kilingeni wakiwa na swali kuhusu ugonjwa, na swali la pili kuhusu jirani au wifi. Mganga wa mitishamba anayelikataa swali la pili hupoteza wateja kwa yule anayelijibu, na hakuna Baraza linalomfidia.

MFAMASIA: Hakuna pia Baraza linalomfidia mfamasia anayekataa kuuza antibiotiki bila cheti cha daktari, na duka la jirani linaziuza. Uaminifu wa taaluma hulipiwa na mwenye taaluma. Turufu kubwa ambayo tiba ya mimea imewahi kuipata katika zama hizi inathibitisha thamani ya kusema wazi: mtafiti wa China, Tu Youyou, akitafuta dawa ya malaria, aliona kwamba mmea wa artemisia ulikuwa ukimpa matokeo yasiyotabirika, hadi aliposoma kitabu cha tabibu Ge Hong wa karne ya 4, ambamo mgonjwa anaelekezwa aloweke majani hayo katika maji, ayakamue na kunywa, bila kuyachemsha. Kutoka hapo akawaza kwamba joto ndilo lililokuwa likikiharibu kiini cha dawa, akakitoa kwa etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi joto takriban 35 tu, na kazi hiyo ndiyo iliyozaa artemisinini, iliyookoa mamilioni ya watu na kumletea Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Ge Hong angeondoka na mkoba wake, watoto wa Afrika wangeendelea kuzikwa.

MGANGA: Hapo mfamasia amekiri bila kukusudia kwamba maabara ilishindwa mpaka ilipofundishwa na mganga namna ya kukamua. Tena mwisho wa hadithi umeachwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia yenyewe, iwe kwa chai au kwa vidonge vya unga wake, katika kutibu malaria. Mmea ukaingia maabara ukiwa dawa ya mwenyeji, ukatoka ukiwa dawa ya kiwanda, na mwenyeji akaambiwa asiuguse tena.

MFAMASIA: Aliambiwa hivyo kwa sababu kikombe cha chai hakina kipimo kilicho thabiti, na kiasi kidogo cha artemisinini ambacho hakitoshi kuua vimelea vyote huacha vile vilivyo sugu viendelee kuzaana, hata dawa ikaisha nguvu kwa kila mtu, akiwemo asiyewahi kunywa chai hiyo. Kipimo si dharau. Na asiyeamini madhara ya tiba isiyopimwa akumbuke mwaka 2011, pale umati wa watu, wengine kutoka Kenya na nchi nyingine za jirani, ulipomiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana na wote kwa jina la Babu. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, wagonjwa mahututi walitolewa vitandani hospitalini wakafia njiani, na wapo waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, yaani ARV, ambao waliziacha wakiamini wamepona.

MGANGA: Kwa heshima zote, huo ni mfano mbaya kuliko yote ambayo ndugu mfamasia angeweza kuichagua. Loliondo hakukuwa na siri yoyote. Mti ulitajwa kwa jina lake, mugariga, na magazeti yakaandika hadi jina la kisayansi la jamii yake. Kipimo kilitajwa, kikombe kimoja mara moja. Bei ilitajwa, shilingi 500. Viongozi walikunywa mbele ya kamera. Kila kitu ambacho fomu ya Baraza inakitaka kilikuwa hadharani, na madhara yakatokea vilevile. Kwa hiyo kinachodhuru si ukimya juu ya mzizi.

MFAMASIA: Kilichokosekana Loliondo ni mtu wa kuhesabu. Hakuna aliyewaandikisha wanywaji kabla, hakuna aliyewapima baada ya mwezi na baada ya mwaka, hivyo waliodai kupona walisikika na waliokufa hawakuwa na sauti. Kutaja mti ni hatua ya kwanza tu. Lakini asiyekubali hatua ya kwanza hawezi kufikishwa kwenye ya pili.

MUUGUZI: Mabishano haya yamekwenda mbali bila kumtaja anayelala kitandani. Katika wodi ya wazazi ya zahanati, siri inayoua si uwiano wa miti saba. Ni jibu la mjamzito anayeulizwa ametumia nini kabla ya kuja, akajibu kwamba hajatumia kitu, ilhali mama mkwe ameketi nje kwenye benchi akiwa na chupa iliyobaki robo. Zipo dawa za mitishamba zinazotumiwa kuharakisha uchungu, na baadhi yake huufanya mfuko wa uzazi ukaze kwa nguvu na mfululizo, kama ifanyavyo oksitosini, dawa ya hospitali ya kuongeza uchungu. Mkunga asiyejua kwamba ya kwanza imekwisha kunywewa akiongeza ya pili, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Kwa uamuzi wa dakika hizo, mkunga hahitaji kujua kila kilichomo. Anahitaji kujua kwamba kuna kitu kimenywewa, na saa ngapi.

MFAMASIA: Hilo linathibitisha kwamba wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua.

MUUGUZI: Methali inamlaumu anayeficha bila kumuuliza aliyemfundisha kuficha. Mwanamke anayekiri kwamba amekunywa dawa ya kienyeji hufokewa mbele ya wenzake, huitwa mshamba, na mara nyingine huachwa asubiri kana kwamba amekuja kuomba radhi na si kujifungua. Akitoka hapo huwasimulia wadogo zake, na wadogo zake wakija hujibu kwamba hawajatumia kitu. Hospitali imeitengeneza siri hiyo kwa mikono yake. Na jambo hili haliishii kwa wajawazito. Kitunguu saumu, ambacho hakuna anayekiona kuwa dawa ya kutisha, kilipopewa watu wazima wenye afya kwa vidonge kwa wiki tatu katika utafiti uliofanyika Marekani, kilishusha kiwango cha saquinavir, mojawapo ya ARV za wakati huo, katika damu kwa takriban nusu. Mgonjwa wa kisukari anayekunywa uwatu pamoja na dawa za hospitali anaweza kushukiwa na sukari hadi akazimia. Hakuna hata mmoja kati ya hao ambaye fomu iliyo kabatini kwa Baraza ingemsaidia usiku anapoletwa.

MGANGA: Neno hilo halijawahi kusemwa waziwazi namna hiyo na mtu aliyevaa sare nyeupe, na linastahili jibu la wazi. Mganga anaweza kumwambia mgonjwa wake jina la mti na sehemu iliyotumika, ili ayafikishe anakokwenda, mradi uwiano na namna ya kuandaa vibaki mkobani. Kinachozuia ni mambo mawili. La kwanza ni kwamba mgonjwa akifika na karatasi ya mganga huchekwa, na karatasi ikatupwa. La pili ni hofu ya mti wenyewe: Prunus africana, mti wa misitu ya milimani ambao waganga wa Afrika waliutumia bila kuumaliza, ulipojulikana Ulaya kuwa tiba ya matatizo ya tezi dume, magome yake yalichunwa kwa tani, shina zima kuzunguka, mpaka mwaka 1995 ukaingizwa katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Jina likitoka, shoka hufuata.

MFAMASIA: Na udhibiti huo ulifuata jina pia, kwa kuwa hakuna mkataba unaoweza kulinda mti usiotajwa. Ila pendekezo la mganga lina kasoro nyingine, nayo ni kwamba jina la kilugha halitoshi. Mti mmoja una majina tofauti Usambara na Uhehe, na jina moja hubeba miti miwili katika wilaya zinazopakana. Muuguzi akisoma jina hilo usiku hatapata msaada wowote.

MGANGA: Basi jani liambatanishwe na jina. Taasisi ya Tiba Asilia pale Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974 na kuwa taasisi kamili mwaka 1991, imefanya kazi na waganga kwa njia hiyo: tawi lenye jani na ua hukaushwa, likabandikwa kwenye karatasi na kupewa namba. Namba inaweza kuandikwa kwenye kadi ya mgonjwa pasipo mtu wa sokoni kujua ni mti gani, na hospitali ikawa na kitabu cha kusoma namba hizo. Sharti ni moja tu, kwamba nayo hospitali iandike barua ya kurudisha. Mganga anayemwona mtoto amekauka midomo na macho yameingia ndani humwelekeza hospitali, lakini hajui kilichompata baada ya hapo; rufaa ni barabara ya kwenda tu.

MFAMASIA: Barua ya kurudisha itaandikwaje kwa mtu ambaye siku ikigundulika kwamba jani lenye namba fulani lina sumu ya ini, hatakubali kuliacha kwa kuwa alipewa na mzee wake? Mfamasia huletewa waraka asubuhi, na jioni dawa iliyokatazwa imeondoka rafuni. Mkoba hauna waraka.

MGANGA: Mkoba umekwisha kuacha miti mingi kuliko inayotumika. Kila mrithi huonyeshwa miti ya kutibu na huonyeshwa pia ile ambayo mzee wa mzee wake aliitumia, ikamdhuru mtu, ikaachwa. Husimama mbele yake, huambiwa ilimfanya nini mgonjwa, kisha hupita. Tofauti ni kwamba miti hiyo haijaandikwa popote.

MUUGUZI: Na wodi ya wazazi ingeihitaji orodha hiyo kabla ya orodha nyingine yoyote.

MGANGA: Hiyo haijawahi kuombwa. Fomu huuliza mganga anatibu kwa kitu gani. Hakuna safu inayouliza ameacha nini.